Chuma Kisikae Uchi

Mwalimu wetu wa umeme alikaribia kumuua mama yangu kwa kopo la rangi ya kijani, na siku hiyo hiyo akapigiwa makofi. Naliandika hili mwanzo kabisa nisije nikalisahau nikifika kwenye vituko vyake, maana vituko anavyo vingi, na mtu anayekuchekesha huwa rahisi kumsamehe. Mimi bado sitaki kumsamehe.

Kwa jina hatumwiti. Chuoni sote tunamwita Mwalimu wa Bomba, ila kwa sauti ya chini, kwa sababu yeye anataka aitwe Injinia. "Mtu wa bomba ni fundi wa maji," hutuambia. "Mimi naujengea umeme nyumba." Hamadi, ambaye hukaa nyuma yangu na hana haya hata kidogo, alimuuliza siku moja, "Nyumba yenyewe ina choo, Injinia?" Akatolewa nje mpaka wakati wa chai.

Lakini ni kweli, kazi anayotufundisha ni hiyo ya nyumba ya umeme. Kuna mabomba membamba ya chuma yanayopanda ukutani, waya zikapita ndani yake. Kuna na trankingi, yaani mfereji wa bati wenye mfuniko, unaofungwa juu karibu na dari pale waya zinapokuwa nyingi. Ukiifanya kazi hii vizuri, ukuta unapendeza kama daftari lililopigwa mistari. Ukiifanya vibaya, unapendeza vilevile. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Glavu zake ni nyeupe, za kitambaa, kama za watoto wa bendi siku ya gwaride. Karakana yetu ina mafuta, ina kutu, ina vumbi la chuma mpaka kwenye mapanga ya feni, lakini glavu za Mwalimu ni safi kama kanzu ya Idi. Sijawahi kuziona na doa. Huingia, akachukua kiti cha plastiki, akakaa mlangoni penye upepo, akaanza kunyoosha kidole. "Wewe, kata hapo. Wewe, kaza jiliwa, bomba linateleza. Na wewe Bi Kimya, usiangalie chini, bomba halimo sakafuni."

Bi Kimya ni mimi. Alinibatiza jina hilo siku ya kwanza, aliponiuliza natoka wapi nikamjibu kwa sauti ambayo hata mwenyewe sikuisikia. Jina likanata. Siku hizi hata wapishi wa chuo wananiita hivyo, tena kwa mapenzi, na mimi naitikia. Kusema mbele za watu siwezi, toka skuli. Mwalimu wa huko akinisimamisha nisome kwa sauti, herufi zilikuwa zinanikimbia. Nadhani ndiyo maana nilipomaliza kidato cha nne nilichagua umeme. Nilifikiri ni kazi ya mtu na ukuta, basi. Sikujua kama katikati atakaa yeye.

Halafu kuna Maskati. Alifanya kazi Maskati, miaka mingapi hakuna anayejua, na kila kitu cha huko ni bora. Bisibisi za Maskati hazitelezi. Kuta za Maskati hazipindi. Kuna jengo moja alilolitia umeme yeye peke yake, ambalo tulipoanza masomo lilikuwa zahanati, baada ya Ramadhani likawa hoteli, na mara ya mwisho lilikuwa kasri la mkubwa mmoja ambaye hawezi kumtaja. "Jengo hilo linakua kuliko ntoto," Hamadi alininong'oneza, nikacheka ndani kwa ndani mpaka machozi yakanitoka.

Mtu huyo aliyelitia umeme kasri zima anaogopa kubadilisha taa. Taa ya darasani ilipoungua, aliamuru uzimwe umeme wa chuo kizima. Wanafunzi wa kompyuta wakapiga kelele kazi zao zimepotea, yeye akasimama nje uwanjani, glavu mkononi, akampandisha Hamadi kwenye ngazi. "Umeme una kiburi," akatuambia kutoka huko mbali. "Ukiuzoea leo, kesho utakuuliza, wewe nani?" Tukaandika, maana ukiacha kuandika maneno yake hukasirika.

Glavu huzivua kwa ajili ya kiumbe mmoja tu, paka wa karakana. Saa ya chai humchambulia kibua wake mwenyewe, mwiba mmoja mmoja, kwa vidole vitupu, huku anamsemesha: "Kula baba, huu hauna mwiba, nimeutazama." Mwanafunzi akijikata na bati huambiwa aache kumwaga damu kwenye kazi.

Nisimdhulumu. Kuna somo moja alitupa la maana. Bomba la chuma ukilikata kwa msumeno, mdomo wake kwa ndani unabaki na meno. Huyaoni, lakini waya ukivutwa unapita juu yake unachunika ngozi. Basi unachukua tupa ya mviringo, unayasugua mpaka yaishe. "Utajuaje kama yameisha?" alituuliza. Akajijibu mwenyewe. "Tia kidole cha mwisho, kizungushe. Yakikuuma wewe, yatauma waya." Ni kweli tupu, na mpaka leo sikati bomba bila ya kutia kidole. Ila yeye hakutia. Alikuwa na glavu. Alama zilizopo kwenye kidole changu kidogo ni za somo lake, na kidole chake kiko salama.

Na kuna jambo nililiona peke yangu, sikumwambia hata Hamadi. Katika masomo yote yale hakuwahi kutupindia bomba hata mara moja. Chombo cha kupindia kimeharibika, alisema, kimeagizwa, kiko njiani. Tukabaki tunapinda kwa kubahatisha, mabomba yanakunjana kama mrija wa soda, yeye anatingisha kichwa mlangoni. Alasiri moja nilirudi karakana kufuata mwavuli wangu. Nikamkuta ndani, peke yake, mikono ya shati ameikunja, glavu ziko juu ya kiti. Alikuwa na gogo lenye tundu, lile tunalokalia wakati wa chai. Alilipitisha bomba kwenye tundu, akaliegemea kidogo, akalisogeza, akaliegemea tena. Taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Lilipotoka lilikuwa limepanda na kushuka kama bega, bila ya kukunjana hata mahali pamoja. Akaliweka ukutani kwenye boriti, likakaa pake. Akatabasamu. Kisha akalitupa kwenye chuma chakavu, akanawa mikono kwa sabuni, akavaa glavu zake.

Watu wengine wangeliona lile wangempenda. Mimi nilimdharau zaidi. Asiyejua unamwonea huruma. Huyu alikuwa anajua, kifaa anacho, tunakikalia kila siku, na akatuacha tukunje vyuma kwa kuogopa kujichafua mbele yetu.

Sasa nifike kwenye neno lake kubwa. "Chuma kisikae uchi."

Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake. Kisiwa hiki hewa yake ina chumvi, na chumvi inakula chuma kama mchwa. Ukinunua geti Wete leo, kabla hujalifunga unalipaka rangi. Baiskeli inapakwa, dirisha linapakwa, hata jembe nimeliona limepakwa. Chuma kilichoachwa bila ya rangi ni uzembe, majirani wanakuona huna akili. Mwalimu aliligeuza jambo hili likawa karibu na dini. Kila kazi ikimalizika alilia, "Rangi! Chuma kisikae uchi, ni aibu!" Na kila akisema "uchi," wavulana wanakoroma kwa kicheko, wananitazama mimi, maana mimi ndiye msichana peke yangu darasani. Mimi natazama viatu vyangu. Neno hilo nyumbani kwetu halitajwi. Hata mtoto mdogo akitoka kuoga, Mama husema, "Kajisitiri." Na yeye analijua hilo, ndiyo maana alikuwa analisema polepole.

Kinamama wa kijijini kwetu, upande wa Wingwi, wana ushirika wa mwani. Wanaupanda, wanaukausha, wakapata mashine ya kuusaga unga wa kutengenezea sabuni. Mwenyekiti wao ni mama yangu. Banda la mashine lilikuwa halina umeme, na chuo kikakubali tukalitie sisi wanafunzi, iwe ndiyo mazoezi yetu. Nilifurahi sana. Nilimwambia Mama, "Waya utakaowasha mashine yenu nitauvuta mimi." Akasema, "Basi uvute vizuri, nkono utakaoshika hapo ni wangu."

Tulifunga mabomba, tukafunga trankingi ndefu kutoka kwenye kisanduku cha swichi mpaka kwenye mashine. Nilimuuliza Mwalimu kwa kunyoosha kidole tu, huo waya wa kijani na manjano, wa ethi, unaomlinda mtu asipigwe na umeme, mbona hatuuvuti? Akacheka. "Huyo mgeni. Anakaa humo, hafanyi kazi, anajaza nafasi. Maskati hatukumtia. Chuma chenyewe ndiyo ethi."

Hilo si uongo, nalo naliandika kwa haki. Chuma kikiungana na chuma toka mwanzo mpaka mwisho, waya ukichunika ukagusa bati, umeme unarudi kwa njia hiyo ya chuma na swichi inajikata yenyewe kabla mtu hajadhurika. Lakini lazima chuma kigusane na chuma. Na Mwalimu, kwa sababu ya kupenda kupendeza, alitutaka tupake rangi kila kipande kwanza, ndani na nje, mpaka ncha, mpaka vile vipande vya shaba vinavyounganisha trankingi, ndipo tufunge. Kijani kibichi. Likapendeza banda, wallahi. Wanawake wakaja kulitazama wakapiga vigelegele.

Diwani akaleta habari kwamba uzinduzi umeharakishwa, ni kesho. Mwalimu akachanganyikiwa. "Haraka! Acheni hayo meno, nani atakuja kutia kidole humo? Fungeni!" Tukafunga.

Wenzangu walipokwenda kusali alasiri, mimi nilichukua mita. Ukigusisha ncha mbili za mita kwenye chuma kilichoungana, inalia. Niligusisha moja kwenye ethi ya kisanduku, moja kwenye skrubu ya mashine. Kimya. Nikajaribu kiungio kwa kiungio. Kimya, kimya. Trankingi ile ndefu ilikuwa vipande vilivyolala pamoja bila ya kujuana, kila kimoja kimevikwa rangi yake.

Nilimngoja Mwalimu nje. Nilikuwa nimepanga maneno yote, lakini lile neno lenyewe likanikwama. Nikasema, "Mwalimu, pale kwenye viungio, naona, pangekuwa... wazi."

"Wazi?" Akawageukia wenzangu. "Bi Kimya leo kasema! Anataka trankingi iwe wazi, panya wapate pa kulala!" Wakacheka wote. Akaingia garini.

Nyumbani nilimwambia Mama asiishike mashine ile. Alikuwa anapaka mafuta viganja vyake, vimepasuka kwa maji ya chumvi. "Kwa nini?"

"Umeme wake haukukaa sawa."

"Mwalimu kasema?"

"Mimi nasema."

"Basi kamwambie Mwalimu wako. Mie nitamwambia nini, ntu kafanya kazi Maskati?" Akanitazama. "Watu wote wanakuja kesho, mwanangu. Nikikataa kuwasha mbele ya diwani, nitawaambia nini wenzangu?"

Siku ya pili banda lilijaa. Shehe akaomba dua. Diwani akasema, akarudia aliyokwisha kuyasema. Wanawake walikuwa wametoka kuosha mwani, sakafu ya saruji imerowa. Mama akaitwa. Alikuwa na kanga mpya, miguu mitupu, mikono inachuruza maji. Mwalimu akamwonyesha kwa glavu: "Bi Mwenyekiti, nkono huu shikilia mashine, huu bonyeza swichi."

Nikasema, "Mama, usishike."

Sikujua kama nimesema mpaka nilipoona watu wamegeuka.

"Nini tena?" akasema Mwalimu.

"Rangi," nikasema. "Kwenye viungio. Ikwanguliwe kwanza."

Akatabasamu, akawaangalia wageni kama kusema mnawaona watoto wa siku hizi. Kisha akasema polepole, kwa ile sauti yake ya darasani, "Yaani wewe, msichana wa Kiislamu, unataka chuma cha watu kikae uchi mbele ya shehe?"

Wavulana wakaanza kukoroma. Nikautazama mkono wa Mama, maji yanadondoka kutoka kwenye ncha za vidole.

"Ndiyo," nikasema. "Nataka kiwe uchi. Pale kinapoungana kiwe uchi kabisa, chuma kwa chuma. Kikivaa rangi pale, umeme utapita kwa mama yangu."

Hakuna aliyecheka. Shehe akakohoa. "Basi si kikwanguliwe," akasema. "Pana kosa gani?"

Hamadi, Mungu amlipe, alikwisha kuwa juu ya ngazi na msasa. Tukafungua, tukasugua, tukafunga, kiungio kwa kiungio, diwani anatazama saa yake. Nikatia mita. Ikalia. Ililia kama mtoto aliyezaliwa, na mimi nikataka kulia nayo.

"Haya, Bi Mwenyekiti," akasema Mwalimu, kwa haraka.

"Asishike," nikasema. "Abonyeze tu."

Mama akabonyeza. Tap! Swichi kubwa ikajikata, banda likawa giza.

Tulifungua bomba la mwisho, lile linaloshuka kwenye mashine. Mdomoni mwake mlikuwa na meno, yale yaliyoachwa kwa haraka, na waya wa moto umechunika, shaba nje, imelalia chuma. Kama tungeiacha rangi ile, swichi isingejikata. Mashine ingenguruma vizuri, watu wangepiga makofi, na moto ungekaa juu ya bomba lile na mashine ukingoja mkono uliorowa. Na mkono ulikuwa pale, tayari.

Nilimtazama Mwalimu. Kwa muda mdogo uso wake ulikuwa mtupu, hauna Maskati wala Injinia, na midomo yake ilikuwa inacheza. Nikafikiri, sasa atasema. Akavuta pumzi, akaitandaza mikono yake myeupe.

"Mheshimiwa Diwani," akasema, "ndivyo tunavyowajaribu vijana wetu. Niliacha kosa makusudi nione nani ataligundua. Na mmeona wenyewe, chuo kinafundisha!"

Wakampigia makofi. Diwani akampa mkono, glavu na yote. Hamadi aliniangalia kutoka juu ya ngazi, msasa bado mkononi.

Mama hakupiga makofi. Alikuja akasimama ubavuni kwangu mpaka tulipovuta waya mpya na mashine ikaanza kusaga. Jioni, tukiwa tunakwenda nyumbani, akasema, "Kumbe sauti unayo. Ulikuwa umeiweka wapi?" Baadaye kidogo, bila ya kunitazama: "Lakini neno lile, mwanangu, mbele ya shehe!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kando ya njia.

Wiki iliyopita nilikwenda chuoni kuchukua cheti changu. Karani alikuwa hayupo, nikazunguka nyuma kupitia karakana. Madirisha yako wazi. Wanafunzi wapya walikuwa wamelizunguka lile gogo, na Mwalimu yuko kwenye kiti chake mlangoni, paka miguuni, glavu nyeupe pepepe.

"Chuma kisikae uchi," alikuwa anasema, na wapya wakaanza kuchekeana. Akanyanyua kidole. "Isipokuwa pale kinapoungana. Pale lazima kiwe uchi. Chuma kwa chuma! Andikeni."

Wakaandika. Damu ilinipanda. Neno langu, lililonitoka kwa taabu vile, amelivaa kama alivyovaa glavu.

Kijana mmoja akauliza, "Hilo ulijifunza wapi, Injinia?"

Hapo akaniona. Nilikuwa nimesimama dirishani, si mbali. Alinitazama sawasawa, nami kwa mara ya kwanza sikuangalia chini. Nilingoja. Akamwinamia paka, akamkuna kichwa.

"Maskati," akasema. "Kulikuwa na msichana mmoja wa Kipemba kule, tulifanya kazi pamoja kwenye kasri. Haya zake! Hata ukimsalimia hasikiki. Lakini fundi, wanangu, fundi kuliko..." Akasita. Akamkuna paka tena. "Fundi hasa. Andikeni."

Nikaondoka kabla hawajageuka kutazama. Mimi hata Unguja sijafika, na tayari nimeshatia umeme kasri la Maskati.